Maswali ya Wakulima: Stroberi Bila Sumu

Mvua zikianza, barua zinazotufikia huwa na swali lile lile: nipige dawa gani? Safari hii tumechagua barua za wanaolima stroberi na matunda ya jamii hiyo kwa kilimo hai. Mtaona kwamba majibu yetu yanapita kwanza kwenye mikono, maji na takataka za shambani, ndipo yafike kwenye chupa.

Shikamooni. Nina matuta 14 ya stroberi huku Lushoto. Matunda yanakua vizuri, lakini yakikaribia kuiva yanalainika upande mmoja na kuota manyoya ya kijivu. Nanyunyiza mwarobaini kila wiki na haisaidii. Nipige nini?

Marahaba. Huo ni ukungu wa kijivu, na mwarobaini unaonyunyiza hauuwezi; wenyewe ni wa wadudu. Elewa kwanza kwamba ukungu unaouona leo haukuingia leo. Tangu ua lifunguke hadi tunda liive ni kama siku 30, na kwenye baridi ya kwenu huzidi hapo. Vimelea hutua kwenye ua lililolowa, vikaingia na kutulia kimya mpaka tunda lianze kujaa sukari. Anayenyunyizia tunda lililokwisha ota manyoya anamtibu maiti.

Vimelea hivyo vinatoka wapi? Mara nyingi humo humo tutani: majani makavu yaliyolala chini ya mche, vikonyo vilivyooza, na matunda mabovu ambayo mchumaji aliyaruka au aliyatupa njiani. Anzia hapo. Chagua siku kavu, umande ukishakauka, upite na mkasi ukate kila jani lililokufa au lenye madoa mengi, bila kuacha kikonyo kirefu. Matunda mabovu yaondolewe kila siku ya kuchuma, yatiwe kwenye ndoo yenye mfuniko na kufukiwa nusu mita chini, mbali na matuta. Mkono ulioshika bovu usishike zima. Ama mtu wa pili afuate nyuma na ndoo ya mabovu, ama mchumaji amalize mazima kwanza ndipo arudi.

Kiswahili kimetupa neno moja kwa ukungu wa milimani na ukungu wa tunda, na kwa mkulima wa Usambara hao ni ndugu kweli. Ua likikaa na maji kwa nusu siku kwenye nyuzi 15 hadi 25, limekwisha ambukizwa. Kwa hiyo nafasi ya sentimita 30 kati ya mche na mche, inayofaa sehemu kavu, kwako ifanye 40. Acha kumwagilia kwa keni juu ya majani, hasa jioni. Maji yaende chini ya mche, asubuhi. Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5 hadi 8 ili tunda lisiguse udongo. Ukiweza, matuta mawili matatu yafunike kwa nailoni juu ya matao, pande zikiwa wazi, ulinganishe na yasiyofunikwa. Tofauti utaiona msimu huo huo.

Angalia pia mbolea. Miche yenye majani mapana ya kijani kizito yanayofunika maua imeshiba naitrojeni kupita kiasi, na matunda yake huwa laini, yaani chakula cha ukungu.

Yote hayo yakiwa sawa, ndipo uongeze kiuatilifu cha kibiolojia chenye Bacillus subtilis au Trichoderma, kilichosajiliwa nchini na kuruhusiwa kwenye kilimo hai. Anza maua ya kwanza yanapofunguka, urudie kila siku 7 hadi 10 kwa kipimo cha lebo. Bila usafi wa tuta, fedha hiyo utakuwa umeimwaga. Na kama unachokiona ni unga mweupe juu ya majani yanayojikunja kama kijiko, huo ni ubwiri unga, ugonjwa mwingine kabisa. Huo husikia salfa, ila usiipige jua likiwa kali.

Mimi ni mkulima mpya Njombe, nimeandaa robo eka. Kila ninayemuuliza ananiambia faida tu. Naomba kujua kazi yenyewe ya kila siku ikoje, nijue niajiri watu wangapi.

Dada, umeuliza swali ambalo wengi huliuliza wakiwa wamekwisha panda. Robo eka yenye matuta ya upana wa sentimita 75 na njia za sentimita 45, mistari miwili kwa tuta, hubeba takriban miche 5,000. Hiyo ni kazi ya kila siku, Jumapili ikiwemo, kwa sababu tunda lililoiva halisubiri.

Kuchuma ndiyo kazi kubwa, na hufanyika kila baada ya siku moja. Joto likipanda, kila siku. Msianze na umande, tunda lililolowa huoza ndani ya chombo. Msichelewe pia, kwa sababu tunda lililopigwa na jua la saa tano hubeba joto hilo mpaka sokoni. Kwa kwenu, kati ya saa moja na nusu na saa nne ndio wakati wake. Mchumaji anawe mikono kwa sabuni. Halikamatwi tunda, kinakamatwa kikonyo: kibane kwa kucha ya kidole gumba, sentimita moja juu ya kikofia cha kijani, ukikate. Alama ya kidole unayoiacha asubuhi huwa doa jeusi jioni.

Stroberi haizidi utamu baada ya kuchumwa. Inaweza kubadilika rangi, sukari haiongezeki. Ya kusafiri mbali ichume robo tatu ikiwa nyekundu, ya sokoni Njombe iache iive kabisa. Weka moja kwa moja kwenye kikopo cha kuuzia cha gramu 250, si kwenye ndoo ya kumimina baadaye, maana kila kumimina ni jeraha. Usioshe. Mnunuzi ataosha mwenyewe anapotaka kula.

Vikopo vilivyojaa visikae juani hata dakika kumi. Vipelekwe kivulini, kisha mahali pa baridi haraka iwezekanavyo. Stroberi hupenda nyuzi 0 hadi 1. Kwenye nyuzi 20 una siku moja au mbili tu. Kama huna friji, jenga chumba cha mkaa: kuta mbili za waya, katikati mkaa unaodondoshewa maji. Hakifiki nyuzi sifuri, lakini kinaliondolea tunda joto la shambani, na hilo ndilo linaloua mzigo kabla ya kufika mjini.

Kuchuma kukiisha, geukia maji. Mizizi mingi ya stroberi iko kwenye sentimita 30 za juu, kwa hiyo kidogo na mara kwa mara ni bora kuliko mafuriko ya Jumamosi. Kadiria lita 25 kwa kila mita ya mraba ya tuta kwa wiki pasipo mvua. Tuta la mita 10 lina mita za mraba 7.5, yaani lita 190 kwa wiki, au 27 kwa siku. Mipira miwili ya matone yenye vitundu kila sentimita 30, kila kitundu kikitoa lita moja kwa saa, inamaliza kazi hiyo kwa takriban dakika 25. Tangi la juu ya stuli hutoa pungufu ya kilichoandikwa kwenye mpira, hivyo tega kikombe chini ya kitundu kwa dakika sita, upime, uzidishe kwa kumi. Fungua na miisho ya mipira kila wiki utoe matope.

Mchana ni wa palizi ya mkono, kukata mashina yanayotambaa, kuondoa majani mafu na kukagua. Kagua kwa utaratibu: miche 20 kwa kukatiza shamba, jani moja kwa mche, ligeuze utazame chini yake kwa lenzi. Jioni rudisha nyavu za ndege. Shore na kuzumburu huanza kazi kabla yenu. Nyavu zikae juu ya matao, zikilala juu ya mimea watadonoa kupitia matundu. Msimu wa mvua pita na tochi uokote makoa. Wakizidi, lazeni mbao kwenye njia, asubuhi mnazigeuza mnawakuta wamejikusanya chini yake.

Kuhusu watu: wawili wa kudumu, na wa tatu kwa wiki zenye mavuno mengi, ndiyo hesabu tungeanza nayo. Halafu andika kilo zilizouzwa na kilo zilizotupwa kwa kila tuta. Safu ya pili ndiyo itakayokuambia kama unahitaji mtu mwingine. Matunda yaliyoiva kupita kiasi yakiongezeka, mikono haitoshi.

Niko Nyeri. Nimetia samadi ya kuku na majivu mengi kwenye stroberi ili ziwe na nguvu. Sasa majani machanga ni ya njano yenye mishipa ya kijani, na mengine yameungua kingo. Ni ugonjwa?

Si ugonjwa, ni wema uliozidi. Stroberi hutaka udongo wenye tindikali kidogo, pH 5.5 hadi 6.5. Majivu huipandisha pH, na ikipanda, madini ya chuma yaliyomo udongoni hayanyonyeki tena. Ndiyo hiyo njano yenye mishipa ya kijani inayoanzia majani machanga. Kingo zilizoungua ni chumvi ya samadi ya kuku, na stroberi ni miongoni mwa mimea isiyovumilia chumvi kabisa. Acha majivu. Mwagilia maji mengi safi mara mbili tatu kuishusha chumvi, ongeza mboji iliyoiva, upime udongo kabla ya kutia chochote kingine.

Jambo la pili ni afya ya mlaji. Tunda hili hugusana na ardhi na huliwa bichi. Kanuni za kilimo hai za Marekani hutaka samadi mbichi ichanganywe na udongo angalau siku 120 kabla ya kuvuna zao la namna hiyo, na ni kipimo kizuri hata kwa anayeuza Karatina. Stroberi iliyoanza kuzaa huvunwa mfululizo, maana yake ni kwamba samadi mbichi haina nafasi tena kwenye tuta hilo. Igeuze kwanza iwe mboji: rundo lifike nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, likigeuzwa si chini ya mara tano. Kama huna kipimajoto, chomeka fimbo ya chuma kwa dakika kumi. Ukiitoa na kuishika bila shida, rundo halijafika. Mboji iliyoiva tia kilo 3 hadi 4 kwa mita ya mraba kabla ya kupanda, toroli moja zuri kwa tuta la mita 10.

Matunda yangu huku Iringa yamejikunja, mengine yana ncha ngumu iliyojaa mbegu. Jirani anasema ni mbegu mbaya.

Jirani amekosea, ila hayuko mbali: shida iko kwenye vile vidoa vidogo vya nje mnavyoviita mbegu. Kila kimoja kilikuwa sehemu yake ya ua na kilihitaji chavua yake. Kilichopata chavua huamuru nyama iliyo chini yake ivimbe. Kisichopata hubaki kidogo, nyama haikui, na tunda linajikunja upande huo. Kwa hiyo chunguza nani anayebeba chavua. Mvua ya siku nyingi na baridi huwazuia nyuki kutoka. Nyavu zilizofungwa kutwa zima wakati wa maua huwazuia pia. Na mwarobaini au pareto iliyopigwa saa nne asubuhi, ingawa ni ya asili, huwaua au kuwafukuza.

Weka mzinga mmoja au miwili kwa eka, pembeni na mbali na njia ya wachumaji. Acha vichaka vyenye maua kwenye mipaka ili nyuki wasikose chakula stroberi zikipumzika. Kama matunda yaliyoharibika yana pia rangi ya shaba na ngozi kavu, kung'uta maua machache juu ya karatasi nyeupe. Vikidondoka vijidudu vyembamba kama kipande cha uzi vinavyokimbia, hao ni thripsi, na nyuki hawana kosa.

Nakuru, kiangazi. Majani yamekuwa na vidoa vyeupe vingi na utando chini. Nimepiga pareto mara tatu, hali inazidi.

Inazidi kwa sababu ya hiyo pareto. Huo ni utitiri, na si mdudu wa miguu sita bali jamaa ya buibui. Pareto humgusa kidogo sana, huku ikiwamaliza wanaomla. Kwenye joto hukua kutoka yai hadi mzazi kwa takriban siku 10, basi hesabu mwenyewe wiki tatu za kukosea.

Kata majani yaliyoathirika vibaya uyatoe kwenye mfuko uliofungwa. Mwagia barabara ya karibu maji, kwani vumbi humfaa sana. Nyunyiza sabuni ya potasiamu, mililita 10 hadi 20 kwa lita ya maji, bomba likielekea chini ya majani. Sabuni ya unga ya kufulia si hii na itachoma mimea. Jaribu kwanza miche mitano, ungoje siku mbili. Rudia baada ya siku 5 hadi 7, maana mayai hubaki. Utitiri wakishapungua, leta utitiri mlaji, Phytoseiulus persimilis. Kenya inafugwa na kampuni za Thika na Naivasha zinazohudumia mashamba ya maua. Ukiwaachilia majani yakiwa yamekwisha fungwa utando, umechelewa.

Naweza kupanda miche inayotoka kwenye mashina yanayotambaa, au ninunue upya? (Mbeya)

Unaweza, lakini usichukue kwenye tuta la kuvuna lenye miaka mitatu, utakuwa unapanda virusi vilivyoletwa na vidukari. Tenga miche mama safi, ing'oe maua yote, na chukua mtoto wa kwanza na wa pili kwenye kila shina. Mbane kwa waya kwenye kikopo cha udongo, umkate na mama yake baada ya wiki 3 hadi 4. Unapopanda, moyo wa mche uwe usawa wa udongo. Ukizama unaoza, ukichomoza unakauka. Maua ya wiki nne hadi sita za kwanza yatoe, hata kama roho inauma. Na usipande palipokuwa na nyanya, viazi au biringanya hivi karibuni, mnyauko wa Verticillium hauchagui.

Je, stroberi inaweza kustawi Tanga mjini nikiweka kivuli?

Hapana. Kivuli hupunguza jua, hakileti usiku wa baridi. Karibu na ikweta mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, hivyo kinachoziamuru aina za stroberi kama Chandler kutoa maua ni ubaridi wa usiku. Kwenye joto lenu itatoa majani na mashina yanayotambaa tu. Panda forosadi, ndugu. Vijiti vya sentimita 25, unene wa penseli, theluthi mbili ardhini, mita 3 hadi 4 kati ya mti na mti. Ukipogoa na kuutoa majani, machipukizi mapya huja na matunda yake. Tandika shuka kuukuu chini, tikisa tawi. Haifiki kesho ikiwa nzima, kwa hiyo tafuta mteja wa juisi kabla ya kupanda.

Kikundi chetu Kiambu hakitumii kemikali. Tunaweza kuandika "kilimo hai" kwenye vikopo?

Kutotumia kemikali ni mwanzo tu, cheti ni kitu kingine. Alama ya Kilimohai hutolewa kwa wanaofuata kiwango cha kilimo hai cha Afrika Mashariki, EAS 456, kilichotolewa kwanza mwaka 2007. Kikundi kidogo kinaweza kupitia uhakiki shirikishi, ambapo wanachama hukaguana kwa utaratibu ulioandikwa, bila gharama ya mkaguzi wa kutoka nje ya nchi. KOAN, mtandao wa kilimo hai wa Kenya, watawaelekeza; wenzao Tanzania ni TOAM, Uganda NOGAMU. Anzeni leo na daftari: nini kilinunuliwa, kilitiwa tuta gani, tarehe gani. Kundi hukwama hapo, si kwenye mbolea. Miche pia huulizwa ilitoka wapi na ilichovywa kwenye nini. Na jirani akipuliza sumu mpakani, ukanda wa majani marefu au ua wa miti uwe tayari kabla mkaguzi hajauliza.

Limuru. Matunda madogo natengenezea jamu. Naichemsha hadi nyuzi 105 kama maelekezo yanavyosema, inakuwa ngumu kama peremende na chungu kidogo. Kipimajoto ni kipya.

Kipimajoto ni kizima, Limuru ndiyo iliyo juu. Nyuzi 105 ni za usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa 100. Kila mita 300 za kupanda, mchemko hushuka kwa takriban nyuzi moja, hivyo kwenu maji huchemka karibu na 93. Ulipoilazimisha jamu ifike 105 ulikuwa unakausha maji yote na kuunguza sukari. Chemsha maji matupu kwanza, soma kipimajoto, ongeza nyuzi nne na nusu. Kwenu ni karibu 97 na nusu.

Kilo moja ya matunda, gramu 800 za sukari, vijiko viwili vya chakula vya maji ya limau, kwani stroberi haina pektini nyingi na bila tindikali haigandi. Robo ya matunda yawe yale ambayo hayajaiva sana. Usipike zaidi ya kilo mbili kwa mara moja. Sufuria ikijaa huchukua muda mrefu, rangi inakuwa kahawia. Yenye ukungu usikate upande mbovu ukatumia uliobaki. Jamu iingie ya moto kwenye chupa za moto, uache nafasi ya nusu sentimita juu, ufunge hapo hapo.